Seli Zilizokwama Njiani

Daktari aliielekeza picha ya ubongo wa mjukuu wangu dirishani. Palikuwa na doa dogo katikati, mfano wa punje ya mtama.

"Seli hizi zilipaswa kusafiri hadi ukingoni mwa ubongo, Mama. Zilikwama njiani, ndiyo maana mtoto anapata kifafa."

"Zilikwama lini?"

"Kabla mimba haijafika miezi sita."

Kwa miaka saba nilikuwa nimemlaumu mkaza mwanangu, Nasike, kwa kuitazama maiti ya babake akiwa mjamzito. Tulipomzika mzee yule, mimba ilikuwa ya miezi minane.

Chumbani mlikuwa na kiti kimoja cha wageni. Nikainuka.

"Nasike, keti."

"Hapana, Mama, nimezoea kusimama."

"Keti, mwanangu. Daktari, mwite baba mtoto hapo nje, uyarudie maneno hayo."