Hodi ya Shebwana

Tangu milango ya mji ule ianze kusikiliza, mwanamume aliyempiga mkewe hakuwa na ufunguo tena. Alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe akabisha hodi kama mgeni, na mlango haukufunguka mpaka mke aseme karibu.

Siku ya tisa tangu Shebwana afungiwe nje, mkewe Mwanakheri alikuwa akigeuza vitumbua kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado kwenye bandeji, aliposikia, "Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Bi Ruzuna, mama mkwe wake, na Shebwana alikuwa nyuma yake. Mume unaweza kumnyamazia, lakini mama mkwe humwachi barazani.

"Karibu, mama," alisema. "Wewe peke yako."

Mlango ukafunguka upenyo wa mtu mmoja, ukajifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimetumwa nikuombe umsamehe."

Nje, Shebwana akabisha kwa sauti ya asali. "Hodi, mke wangu." Kisha akabisha kwa ngumi. Mlango haukutikisika, lakini Bi Ruzuna alikitua chini kikombe cha chai alichopewa.

"Ni baba yake mtupu," alisema polepole. "Miaka thelathini nilimfungulia."

Hodi ya tatu ikaja, laini tena, na Mwanakheri akajikuta midomo inafunguka yenyewe, kwa mazoea. Bi Ruzuna akamshika ule mkono mzima.

"Nyamaza, mwanangu. Tule, vitumbua vinapoa."