Posa na Kasuku Wawili

Mshenga Kombo alianza maneno ya posa mara tatu, na mara tatu kasuku wawili wadogo aliokuja nao wakamkatiza. Kila mmoja hazidi ndimu kwa ukubwa, lakini kelele zao za soko zima. Mposaji ndiye aliyewatuma, wawe zawadi kwa binti.

"Wape alizeti wanyamaze," alisema baba wa binti.

"Nimewapa tangu asubuhi, mzee. Wakishiba ndiyo wanapata nguvu."

"Kijana wako kaleta posa au fujo?"

Kombo alifuta jasho. Kesho angekuja mshenga wa mposaji mwingine, tena mkono mtupu, bila ndege wa kumkatiza.

Pazia likasogea. Mkono wa binti ukapenyeza mchicha kwenye tundu la kasuku. Wakala, kelele zikakatika.

Baba akautazama mkono, akamtazama Kombo, akafungua kinywa kutoa jibu la posa. Mchicha ulibaki majani mawili tu kabla ya kelele kurudi.