Kihariri Kilichomwandikia Zuwena

Naapa, kisa hiki sijakitia chumvi hata punje. Tangu ile sheria ya kipuuzi ikataze kuandika moja kwa moja kwenye kivinjari, kila neno la mtandaoni hupitia kihariri cha nyumbani, programu ya kuandikia inayotii amri unazoipa. Amri nilijifunza mwenyewe baada ya kustaafu. Nikaiamuru imjibu binti yetu Zuwena, aliyeolewa Songea, kwa maneno kama yangu. Mimi huyoo, kwenye bao.

Jana mke wangu aliyasoma majibu yote. Alifoka hadi kuku wakakimbia uani.

“Mtoto kaandika mimba imeharibika, wewe unacheza bao! Mwongo mkubwa!”

“Mama Zuwena, si alijibiwa vizuri?”

“Na mashine! Keti hapa, uandike mwenyewe.”

Nilizima amri zote. Kutwa nzima nikaandika na kufuta kwa hasira, nikapata mistari minne. Nikaituma.

Zuwena alijibu papo hapo: “Wewe ni nani unayetumia jina la baba? Baba yangu haandiki hivi. Mwache aniandikie mwenyewe.”