Kandambili Kwenye Kabati la Kioo

Mama aliitazama kandambili ya binti yake ndani ya kabati la kioo. Mkanda uliokatika ulikuwa bado umeshonwa kwa uzi mwekundu, alioutia yeye asubuhi ile ya maandamano. Aliitoa kwa makumbusho kwa sharti moja tu: ukweli uandikwe.

"Macho yangu yamechoka, mwanangu. Nisomee."

Mwandishi wa vibao alikohoa. Kibao kilichobandikwa nje ya kioo alikiandika yeye, mkurugenzi akabadilisha neno moja, naye, kwa kuogopa unga wake kumwagika, akafyata mkia.

"Kandambili ya mwanafunzi aliyeuawa," alisoma, "katika maandamano ya kudai maji."

Mama alishusha pumzi kama aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Miaka tisa wananiambia alijifia tu. Kumbe leo imeandikwa."

"Ndiyo, mama."

"Hilo neno, aliyeuawa, liko wapi hapo? Nataka kuligusa."

Akanyoosha kidole kikavu, chenye vitundu vya sindano nchani. Mwandishi alikishika taratibu, akakipitisha juu ya kibao, akakituliza kwenye neno "aliyefariki".