Mwanya Ukutani

Bi Nachiwa alifika na kopo lake la chokaa, akakuta mwanya wa nakshi yake umezibwa kwa rangi.

Barabara kuu ilikuwa imekata makaburi ya ukoo wao. Wakubwa wa barabara wakamwomba achore nakshi za mababu kwenye ukuta wa barabara hiyo na kupanda chini yake minyaa, mimea ya makaburini kwao, wasafiri wafurahi. Alikubali, maana nakshi ile huachwa wazi upana wa kiganja, wafu wapate pa kupita. Na binti yake alizikwa ng'ambo ya pili ya ukuta.

“Shikamoo, bibi,” alisema fundi Likwata, brashi mkononi. “Ulisahau kumalizia hapa. Nimekusitiri.”

“Marahaba. Kitendawili.”

“Tega.”

“Nyumba imefungwa, mwenyewe yuko nje.”

Fundi akacheka. “Nakupa mji.”

“Mji gani, baba? Si mmeshaupasua katikati.”

“Bibi, hiyo ni rangi ya mafuta, haitoki. Na mgeni rasmi wa kufungua barabara ndiye yule anayekuja.”

Bi Nachiwa alishapiga magoti kwenye minyaa, anakwangua rangi kwa kucha, ving'ora vya msafara vikikaribia. Kisha akaacha. Akabandika sikio kwenye rangi mbichi, kama mtu aliyesikia hodi.