Shahidi wa Bi Semeni

Daktari alikichungulia kidonda cha tumboni mwa Bi Semeni kwa mpira wenye taa, akanyofoa kinyama, akakitia katika kichupa chenye dawa.

"Kingo zake laini, mama, huenda ni kidonda tu. Lakini macho hudanganyika, na saratani hujua kujipamba. Kipeleke kichupa hiki maabara, ndiko watakakojua."

Njiani shoga yake, Mwajabu, akakiona kichupa. "Hee! Pilipili ya kusindika hiyo?"

"Shahidi. Nimemlisha umri wangu wote, leo anakwenda kunisema."

Mwajabu akacheka, kisha akamshika mkono.

Kwenye dirisha la maabara mpimaji akanyoosha mkono. Bi Semeni hakukiachia kichupa. Alikisogeza karibu na midomo, akanong'ona, "Sema vizuri, mwanangu."

Ndani ya dawa, kinyama kikajigeuza polepole, kama mtu aliyesikia akiitwa.