Sauti ya Mama Ukutani

Siku hizi mtu akifa, picha zake zote hufutwa, na sauti yake hutiwa katika mchoro wa kale. Mama yake Riziki, mzaliwa wa Pangani, alipewa mchoro wa rangi za mafuta wa bibie wa Kifaransa wa karne ya kumi na nane, nywele zimejaa unga mweupe.

"Umekula, mwanangu?" mchoro humwuliza Riziki kila arudipo kazini.

Juzi bintiye, Zena, alimwuliza, "Mama, kweli bibi alikuwa Mzungu?"

Riziki alicheka, akafumba macho aikumbuke sura ya mama yake. Aliona nywele za unga tu.

"Mama," aliuuliza mchoro, "ulikuwa na sura gani?"

"Si unaniona, mwanangu?"